Papa Bertin, Msomaji wa Komunike, Anapumzika

Tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka ishirini na miezi miwili ya kazi, Néhémie Wilondja, tunayemwita Papa Bertin kwa jina la mwanawe wa kwanza, anastaafu katika redio yetu ndogo ya Baraka. Alianza mwezi wa saba 2004, wakati watu walikuwa bado wanarudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa na nyumba nyingi mjini zilikuwa kuta bila mabati. Redio ilikuwa chumba kimoja, meza moja na mikro ya kuzungumzia iliyofungwa kwa utepe mweusi. Alipewa kazi ya kusoma komunike: vifo, harusi, mikutano, vitu vilivyopotea. Hakuiacha mpaka leo.

Mimi ni Vanessa, fundi wa mitambo. Kwa miaka kumi na minne nimekaa upande wa pili wa kioo cha studio nikimtazama akisoma. Mkurugenzi wetu, Bwana Rashidi, aliniomba niandike habari hii ya kumuaga, akasema nisiruke pale pagumu. Papa Bertin mwenyewe ameisoma karatasi hii kabla ya kuchapwa. Alisahihisha koma mbili, mengine akasema yabaki.

Tangazo la mbuzi aliyepotea alilisoma kwa heshima ileile anayompa mwenye cheo: rangi, pembe, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Siku moja jenereta ilizimika katikati ya tangazo la mkutano wa wavuvi. Alitoka nje na karatasi yake, akamalizia kusoma mlangoni mbele ya watu wanne na jogoo mmoja, kisha akarudi kukaa. Tulipocheka, alituambia kwamba aliyeleta tangazo ametembea tangu alfajiri, na sentensi ya mtu haiachwi nusu. Vijana saba wamejifunza kazi kwake, na wote wanajua kosa asilolisamehe: kutamka vibaya jina la mtu.

Aprili 2019, mwanawe wa kwanza, Bertin, fundi wa simu mwenye miaka ishirini na minne, alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Misisi, alikofanya kazi. Alifariki kabla hawajamfikisha hospitali.

Tulimkataza kusoma komunike ya kifo kile. Aliisoma. Alisoma jina la mwanawe, jina lake na la mkewe Florentine, saa ya mazishi, na sauti haikutikisika. Mji mzima ulimsifu. Sokoni walisema, "Ule ni mwanaume." Nadhani sifa ile ndiyo iliyomfunga. Mtu akishasifiwa hivyo, atalilia wapi?

Alirudi kazini siku ya tano. Alifika kabla mlinzi hajafungua, akaondoka wa mwisho. Alikonda mpaka ukosi wa shati ukabaki mpana shingoni. Sisi tukaacha kumwita Papa Bertin, tukidhani tunamhurumia. Tukawa tunamwita Papa Néhémie, kama mgeni. Niliona jinsi mikono yake ilivyoshika ukingo wa meza kabla ya kila jina la marehemu. Niliona, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu.

Mwezi wa kumi na moja ikaja komunike kutoka Swima: Mama Faida, bibi wa miaka themanini, amefariki. Papa alianza vizuri, kisha akasema, "Tunatangaza kifo cha Bertin Wilondja," akaendelea na Swima, msikiti na saa ya maziko, bila kujua alichosema. Nilikata sauti, nikaweka muziki. Alinitazama kupitia kioo kama anayeuliza mitambo imeharibika wapi.

Kesho yake Haruna, mtoto mkubwa wa marehemu na mwenye mashua kule Swima, alifika na ndugu zake wawili. Tulijiandaa kwa ugomvi. Haruna alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Papa, hatukukuja na vita," alisema. "Tunataka tu jina ya mama isomwe muzuri. Lakini ule Bertin, ni nani?"

Papa alijibu akitazama sakafu: "Ni mutoto yangu."

"Alikufa lini?"

"Mwezi wa ine."

Haruna alihesabu miezi kwa vidole. "Basi wote tuko ndani ya matanga," alisema, akamshika mkono, na hakuuachia haraka.

Jina la Mama Faida nililisoma mimi siku ile. Mkurugenzi alimpa Papa mapumziko ya mwezi mzima, akamwambia mbele yetu sote kwamba si adhabu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hadi leo linatuchekesha na kutuuma. Kwa miaka miwili, kila Alhamisi, mwanasaikolojia Rosette wa kituo cha afya alikuwa anakuja studio kuzungumza na wasikilizaji juu ya msiba, hofu na kukosa usingizi. Aliyempokea na kumwuliza maswali ni Papa. Ni yeye aliyefunga kipindi kila mara kwa kuwaambia watu wa eneo zima la Fizi wasibaki peke yao na huzuni, waende kwa Rosette, chumba cha nyuma ya wodi ya uzazi. Nilipokwenda nyumbani kwake wiki ile, nilimwambia aende huko.

"Ile ni ya bantu," alisema, yaani ni ya watu wanaomsikiliza redioni.

"Na we, Papa, uko nini?"

Mama Florentine alikuwa anachambua maharagwe. Aliinama, mabega yakatikisika. Sikujua kama ni kicheko au kilio.

"Batasema Néhémie kichwa imeharibika," Papa akasema.

"Basemee," Mama Florentine alijibu bila kuinua uso. "Mi niko nalala na muntu mwenye hasemi. Miezi saba. Na mi nilimuzaa ule mutoto. Enda."

Alienda. Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe. Rosette hajawahi kunieleza hata neno. Siku ya kwanza alichukua mashine ya kurekodi, ili wanaomwona wadhani yuko kazini. Alimwuliza Rosette maswali matatu kama mwandishi wa habari. Rosette aliyajibu yote, kisha akamwambia, "Sasa zima mashine, Papa. Na mi niko na swali. Bertin alikuwa mutoto wa namna gani?"

Kwa miezi saba watu walikuwa wamemwuliza Bertin alikufaje. Hakuna aliyeuliza aliishije. Alizungumza mpaka mgonjwa mwingine akabisha hodi: Bertin aliyewakatia paka vichwa vya ndakala, dagaa wa sahani yake, Bertin aliyecheka kanisani wakati usiofaa, Bertin aliyefungua redio ya nyumbani akiwa na miaka tisa akashindwa kuiunganisha tena.

Mara ya tatu ndipo alipotoa mwiba wenyewe. Kijana alitaka kusoma elektroniki Uvira. Baba alimwambia atangulie Misisi, afanye kazi mwaka mmoja kwanza. "Mi nilimutuma," alisema. Rosette hakukimbilia kumwambia si kosa lake. Kila mtu alikuwa ameshasema hivyo na haikusaidia. Alimwuliza, siku ile aliyomshauri, yeye baba alikuwa anajua nini. Jibu, kwamba hakuweza kujua ajali inakuja, lilichukua safari mbili nzima za pale kituoni. Aliniambia kwamba alipotoka mara ya pili, alikula sahani nzima ya ugali, ya kwanza tangu Aprili.

Kisha Rosette akaomba aje na mkewe. Wakaenda wote wawili, na huko ndiko walikokubaliana kufungua begi la Bertin, lililokuwa chini ya kitanda tangu mazishi. Ndani walikuta simu tisa za wateja, zimetengenezwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Walizipeleka Misisi pamoja, kwa pikipiki mbili, kwa barabara ileile. Mahali alipoanguka Bertin waliomba madereva wasimame. Walishuka wakasimama, Mama Florentine ameshika mkono wa shati la mumewe, kisha wakaendelea. Simu nane zilipata wenyewe. Ya tisa ilikuwa ya mtu aliyehamia Kilembwe, tulimtangaza, akaja.

Mwenye simu mmoja ni Clarisse, anayeuza mikate. Alipoipokea aliishika kifuani. "Alikuwa anaiga sauti yako, Papa," alimwambia. "Anasoma komunike ya mbuzi, bantu bote banacheka. Alisema: ule ni baba yangu, sikilizeni."

Papa alilia pale barabarani, mchana, mbele ya watu. Clarisse alimletea kigoda, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alirudi kazini Januari. Jumatatu ya kwanza, mkutanoni, alisema jambo moja: "Muniite tena Papa Bertin." Tangu siku ile hasomi kifo kabla ya kuipigia familia simu, ahakikishe jina, na kuuliza marehemu alipenda nini. Halafu, Alhamisi moja, alikaa kiti cha mgeni mbele ya Rosette na kusimulia safari yake kwa jina lake kamili. Wanaume walianza kufika kituoni. Wengine walisema wametumwa na Papa wa redio, kana kwamba wameleta barua.

Hakupona kama mtu anavyopona malaria. Aprili bado ni nzito kwake. Kila mwaka, mwezi huo, anaomba ruhusa, na katika daftari la ruhusa, sehemu ya sababu, anaandika waziwazi: kwa Rosette. Sasa katika daftari hilo kuna maandishi ya watu wengine watatu yanayosema hivyo hivyo. Moja ni langu.

Papa Bertin, asante kwa kila jina ulilolitamka kana kwamba mwenyewe anasikiliza. Asante kwa kutuacha tukuone ukishindwa, ukiomba msaada, ukirudi. Mama Florentine, asante kwa ule mdomo wako usiozunguka. Nendeni salama kwenye shamba lenu la mihogo. Tunawatakia mvua kwa wakati wake, usingizi mzuri na maongezi marefu. Kesho asubuhi komunike nitasoma mimi. Nikikosea jina la mtu, Papa, usinionee haya. Piga simu.