Mama Laurentine Mushiya, Aliyetusomea Mvua

Mama Laurentine Mushiya alizaliwa Tenke tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa tata Edouard Ntambwe, mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai, na mama Ngeleka.

Alisoma shule ya msingi Tenke na sekondari Kolwezi. Mwaka 1977 alikwenda Lubumbashi kujifunza kupima hali ya hewa, akarudi kuifanya kazi hiyo Kolwezi hadi 2009. Alipostaafu, alitangaza hali ya hewa kila asubuhi kwenye redio ya mtaa, kwa Kiswahili, Kifaransa na Tshiluba. Alieleza kwa subira kwamba juu ya Katanga hukutana pepo mbili: ule wenye unyevu wa magharibi na ule mkavu wa kusini-mashariki. Mpaka wa pepo hizo ukishuka kwetu mwezi wa Oktoba, mawingu huvimba, baridi hutangulia ghafla, halafu mvua humwagika.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na tata Lucien Mukuna, fundi umeme. Tata Lucien alizoea kutania mbele ya wageni: “Bibi yangu anajua mvua ya kule mbali Dilolo, lakini nguo zetu zinalowa ku kamba!” Naye alijibu, “Na mikono yako, tata, iko Dilolo?”

Oktoba 2016, Mechack, kijana wa jirani, alikuwa chini na wenzake katika shimo la shaba walilochimba uani kwao. Tangazo la mvua la asubuhi ile hawakulisikia. Upepo wa baridi ulipoingia shimoni, walishangilia, maana joto lilikuwa limewachosha. Mama aliwaita watoke.

“Mama, utuache tupumue!” Mechack alijibu. “Baridi ya bure hii!”

Wachimbaji wetu huamini kwamba mwanamke akisogelea shimo, madini hukimbia. Mama alijua. Akaenda akasimama mdomoni mwa shimo, akawaambia anashuka.

“Mama, toka apo! Utakimbiza shaba!”

“Mupande basi, mukuye munifukuze!”

Wakapanda wote, matusi mdomoni. Wa mwisho alikuwa bado anajifuta udongo mvua ilipopiga. Ukingo ukamomonyoka, shimo likajaa mbele ya macho yao. Mama akawaingiza kwake, akawasongea bukari, ugali wetu.

Tangu 2021 aliugua shinikizo la damu. Julai mwaka huu alipata kiharusi, na tarehe 6 Oktoba 2025 alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa bwana wake. Tunawashukuru wauguzi na majirani waliotusaidia kumgeuza, kumwogesha na kumwimbia.

Ameacha mume, tata Lucien. Watoto, Noëlla, Myriam na Papy. Mdogo wake Séraphin. Na wajukuu tisa. Mechack na wenzake, ambao leo wana watoto wao, waliomba waandikwe hapa pamoja na watoto wa marehemu. Familia imekubali, na vijana hao ndio watakaolibeba jeneza.

Mama, aksanti. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.