Nguva wa Boko na Mume wa Mwajabu

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, pamoja na wote mliofuatana naye,

KARIBU
Sisi wanawake wa Boko, tunaochokoa pweza maji yakitoka, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mkeka ulioukalia tumeusuka kwa ajili yako.

HABARI ZETU
Mbele ya kijiji kuna nyasi za bahari, malisho ya nguva. Ulipoingia uvuvi wa baruti, Bakari, mume wa mwenzetu Mwajabu, naye aliufuata. Asubuhi moja baruti yake ikamuua nguva jike. Akamfunga kamba, akamkokota hadi pwani. Mtoto wa nguva akafuata nyuma. Maji yakatoka, akabaki mchangani ubavuni mwa mama yake, akitafuta titi.

Mwajabu alikuwa amezika kichanga chake majuzi tu, na maziwa hayajamkauka. Watu walipofika na visu, aliketi mchangani, akakilaza kichwa cha yule mtoto mapajani. Bakari akamtaka aondoke, nyama itaharibika. Mwajabu hakupaza sauti.

"Huyu bado ananyonya, Bakari. Ngoja kwanza."

 Bakari akaenda kuchota maji, wa kwanza yeye. Nasi tukalowesha khanga, tukamfunika mtoto, tukammwagia maji mpaka bahari ilipojaa. Tulipomsukuma kwenye kina alirudi magotini kwa Mwajabu, akasukumwa, akarudi tena. Nguva wengine walipoibuka karibu na mwamba, ndipo akaenda. Mwajabu akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Tulimwacha alie.

MAFANIKIO
Tangu siku ile hakuna mtu wa Boko aliyetupa baruti. Vidagaa vimerudi nyasini.

MATATIZO
Mashua za kutoka mbali bado zinakuja na baruti. Tena, Bakari alichukua baruti iliyombakia, akaipeleka polisi kwa miguu yake, asije mwingine akaitumia. Akafungwa. Hatusemi alionewa, baruti ilikuwa yake kweli.

MAOMBI
Tunaomba askari wa kulinda malisho yale.

La pili Mwajabu hakututuma. Ndiye yule aliyekaa nyuma kabisa. Ni mjamzito, siku zimekaribia, na Bakari alifungwa kabla hajajua. Tunaomba, ukiweza, aruhusiwe aje amwadhinie mtoto wake sikioni.

Mungu akufikishe mjini salama, akukutanishe na wanao.

Ni sisi,
Wanawake Wachokoa Pweza wa Boko.