Isale la Sifael

Tangu gari la abiria, Noah, litoke Kiboriloni kupanda Old Moshi, Sifael mpogoa miti hakuwa amefunga mdomo. "Presha ni ugonjwa wa watu wa chini, bibi," alimwambia bibi aliyeketi kando yake. "Mimi niko juu ya mgrevilea na msumeno wangu, itanipatia wapi?"

Bibi alicheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Na hilo isale lenye majani mabichi unampelekea nani?"

Hapo Sifael alishusha sauti, jambo asilolizoea. Jana tawi lilimponyoka likalaza migomba mitatu ya mzee Eliudi, yote ina mikungu. Sasa anakwenda kuomba msamaha, na Mchagga akiletewa isale hakatai, hata kama anasaga meno.

"Umelikata wapi?"

"Palepale kwake, kwenye masale aliyopanda kuwa mpaka. Yamestawi kweli!"

Bibi alishika mbavu. "Mwanangu! Umekata mpaka wa mtu ukamwombe msamaha? Na hilo utaliombea msamaha kwa isale gani?"

Noah ikasimama. Mzee Eliudi alikuwa mpakani, ameinama, anapapasa shina la isale lisilo na kichwa.

"Dereva," Sifael alinong'ona, "twende mbele kidogo."

"Shuka, baba," alisema bibi. "Presha inakusubiri huko chini."