Kibuyu Nilichokunywa Mkongani

Nawasalimu kwa jina la Bwana, ninyi mliopata viti na ninyi mliosimama mlangoni. Mimi nilikuwa mtu wa mlangoni. Asifiwe yeye aliyeniambia, ingia ukae.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kama Mwero, fundi wa kuezeka makuti. Hamkunijua nilipokuwa sina kazi wala kwetu. Shule niliiacha darasa la tatu, na hakuna aliyenifukuza. Njia ilipita chini ya dirisha la darasa, na kila aliyepita nilitaka kujua anakwenda wapi. Siku moja akapita mtu mwenye kasuku begani. Nikamfuata, na darasani sikurudi tena. Baba na mama walikwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniita nyuma.

Nikaizunguka nchi hii yetu. Shimoni niliingia mapangoni nikaita jina langu ili nisikie linavyorudi. Kibuyuni nilikaa na wavuvi hadi nilipojua kufuma wavu nusu, nusu ya pili sikuingojea. Diani nilichimba kisima cha watu, udongo ulipoanza kuwa na unyevu nikaondoka, na hata leo sijui maji yake yalikuwa matamu au ya chumvi. Hilo ndilo lililokuwa gonjwa langu. Nilipenda mianzo. Jambo likianza kunizoea, miguu ilianza kuwasha.

Miaka mitatu kabla ya Uhuru nilifika Mkongani, nikapokewa na mzee mmoja aitwaye Chirima. Nikamsaidia kulima mihogo, nikala kwake, nikalala kwake. Alikuwa na binti, Umazi, mrefu, mwenye kucheka polepole kama mtu anayefungua mlango. Siku moja, kwa kumshukuru mzee, nilinunua kibuyu cha tembo la mnazi nikakiweka mbele yake. Nasema kweli yangu, nilifikiri ni zawadi tu. Mtu aliyelelewa na njia hajui desturi nyingi.

Mzee alikitazama kile kibuyu, akanitazama mimi. Akamwita binti yake mbele ya majirani waliokuwapo.

"Umazi, tembo limekuja. Tulinywe au tulirudishe?"

Hapo nikaelewa. Kwao, kijana akileta tembo kwenye nyumba yenye binti, ameleta neno la kumposa. Binti akikubali huonja yeye kwanza, kisha humpa aliyeleta. Kijana akinywa mkononi mwake, wamefungana.

"Lakini huyu hana wazee waliomsindikiza," jirani mmoja alisema.

"Asiye na wazee hujisindikiza," mzee akajibu. "Mwacheni binti aseme."

Umazi akasema, "Tulinywe." Akaonja, akanipa kata. Ningeweza kusema, samahani baba, nimekosea. Neno dogo tu. Lakini alikuwa ananitazama, na mimi nilitaka kujua mtu hujisikiaje akiposa. Nikanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Siku ya tatu nikasema nakwenda kuwatafuta wajomba zangu, nikaondoka.

Ndugu zangu, sikuwa na mjomba hata mmoja.

Sasa nisikilizeni jinsi Mungu alivyonikamata. Nilifika Msambweni nina kidonda mguuni, nikawa naketi nje ya kanisa letu lile la zamani la udongo, kwenye kivuli. Mhubiri alikuwa katikati ya maneno yake mvua ikaja, watu wakakimbilia mpunga walioanika nje, ibada ikavunjika. Nikarudi Jumapili iliyofuata ili nisikie alikoishia. Ndivyo nilivyookoka, kwa kutaka kujua tu, na Bwana hakunidharau kwa hilo.

Humo ndimo nilimoonana na Damari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipochumbiana alisema harusi itakuwa baada ya Uhuru, mpunga ukishavunwa, ili wageni wale washibe. Basi nikaingia katika miezi ambayo mpaka leo naiona kama niliiota. Asubuhi nakata fito, jioni nakandika udongo wa nyumba yetu. Shangazi yake Damari alisuka mkeka wa ndoa, na kila nikipita aliuongeza mstari mmoja mbele yangu ili nione. Jirani zetu Waislamu walileta makuti, mzigo baada ya mzigo. Mmoja wao, Mama Mwanasha, akawa ananitania, "Bwana harusi, nyumba hii utaingia au utaipita tu?" Wanakwaya walikuwa wakijifunza wimbo, na upepo wa bahari uliubeba vipande vipande mpaka kule nilikokuwa, juu ya paa. Watoto walikimbia na vibendera vya karatasi. Uhuru ulikuja na ngoma, ukapita, na harufu ya mpunga mpya ikabaki. Nilikuwa nikishika ukuta wa nyumba yangu kwa kiganja, ungali na ubaridi wa maji, nasema moyoni, hivi kweli ni mimi?

Ndoa yetu ilipasa kutangazwa kanisani Jumapili tatu. Ya kwanza ilipita salama. Ya pili, mchungaji aliuliza kama yupo ajuaye kizuizi. Mwanamke muuza mikeka, mgeni kati yetu, akasimama.

"Mchungaji, niwie radhi. Sikuja kwa ugomvi, nilikuja kusali. Lakini huyu kwetu Mkongani alikwisha kunywa. Binti wa kaka yangu angali anamngoja."

Nikainuka, nikatoka.

Damari alinikuta nyuma ya nyumba yetu mpya.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulinywa mkononi mwake?"

"Nilinywa."

Akauangalia ukuta. "Muuza mikeka ameniambia wameleta tembo lao wachumba wawili, na mzee akawarudisha wote. Kibuyu hakiwekwi juu ya kibuyu. Mwenzangu amefungwa na wewe huku unanijengea mimi. Siingii nyumba hii hivyo, Mwero. Nenda ukamfungue."

"Na nikirudi?"

"Rudi kwanza."

Nikaondoka alfajiri. Nilipofika barabara kuu, mkono mmoja ni Ukunda na njia ya kupandia Mkongani, mkono wa pili ni Lungalunga na Tanganyika. Lori la nazi likasimama bila kusimamishwa.

"Kijana, Tanga hiyo! Panda juu ya nazi, sitaki kitu," dereva akasema.

Ndugu zangu, miguu ikawasha. Tanga sikuwa nimewahi kuiona. Nikayaona yote akilini, mji mpya, majina mapya, hakuna ajuaye nimekunywa wapi. Mguu mmoja nilikwisha kuuweka kwenye gurudumu. Nikaomba, na ombi lenyewe halikuwa zuri. Nilisema, "Bwana, mimi nimeona mianzo yote ya nchi hii. Mwisho wa jambo langu mwenyewe sijawahi kuuona unafananaje. Nionyeshe huu mmoja."

Na hamu ikageuka. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Hamu ile ile iliyonitoa darasani, Bwana hakuing'oa, aliigeuza uso. Nikatamani kumwona Umazi akinitukana kuliko nilivyotamani kuiona Tanga. Nikashusha mguu.

"Basi kaa na jua lako," dereva akasema, akaenda zake.

Mkongani nilimkuta Umazi anamenya mihogo. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayemjibu mpita njia.

Umazi hakuinuka. "Wajomba umewapata?"

"Sina wajomba. Niliwadanganya."

"Hilo tulilijua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tukasema umeliwa na simba wa msitu wa Shimba, nikakulilia kidogo. Mwaka huu nikamhurumia simba." Majirani wakacheka, yeye hakucheka. "Nilionja mara moja tu, Mwero, nikalewa miaka mitatu. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukufungua. Nilinywa bila nia, nikakimbia."

Kisu kikasimama. Uso wake sitausahau, nao hamtauona ninyi, ni wake. Mwisho akasema, "Watu hapa wanasema nina kasoro iliyomkimbiza mwanamume. Simama mlangoni useme kasoro ni ya nani. Useme wasikie hata walio kisimani."

Nikasimama mlangoni. Nikasema jina lake na jina la baba yake. Nikasema kwamba nilinywa kwa udadisi na kukimbia kwa uoga, na kwamba huyu binti hana doa. Umazi akasema, "Rudia, wa kisimani wanateka maji." Nikarudia. Mzee akaleta kibuyu chenye tembo, akamuuliza, "Tulimwage?" Akasema, "Limwageni." Likamwagwa kizingitini, na udongo ukalinywa.

"Sasa nenda," Umazi akaniambia. "Safari hii nenda kwa ruhusa." Na kabla sijatoka uani nilimsikia akicheka na wenzake, polepole, kama zamani.

Nilifika Msambweni Jumamosi, miguu imevimba. Damari hakuuliza habari za harusi. Aliuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia yote, hata la simba. Akasema, "Matangazo yale mawili yalitangaza mtu mwingine. Mwambie mchungaji aanze tena, Jumapili ya kwanza."

Mpunga wa wageni ukawekwa tena ghalani. Jumapili tatu nyingine nilikaa kwenye benchi la mbele, watu wote wakinitazama kisogo, na kila mara mchungaji alipouliza kizuizi, miguu haikuwasha. Jumapili ya nne tulioana, mimi na Damari.

Namshukuru Mungu aliyeniweka huru. Ndugu yangu uliyesimama pale mlangoni, labda nawe una mlango ulioukimbia, na mtu nyuma yake. Usiogope kurudi. Bwana huenda nawe mpaka kizingitini, nawe utasema maneno yako mwenyewe. Ukimaliza, njoo. Kwenye benchi letu, kati yangu na Damari, pana nafasi ya mtu mmoja.