Moto Ubaki Nje

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wa upande wa pili, asalaam alaykum. Na nyie mliokuja kufuata pilau tu, Mungu anawaona, lakini karibuni.

Sikupanga kusimama leo. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma karibu na masufuria. Ila Ijumaa iliyopita, tukiwa tunaosha vyombo, dada mmoja wa humu ndani aliniuliza ni duka gani hapa Doha, pale Al Sadd, linauza jiko dogo la mkaa. Chumba chake kiko juu ya paa, baridi inamtesa, na hita aliyopewa imekufa. Sahani ikaniponyoka, ikavunjika. Mkasema ni sabuni. Haikuwa sabuni.

Mimi ni mtu wa Makete, Mkinga wa milimani. Anayekuja kutoka Dar au Mombasa akaniambia Doha kuna baridi, namcheka. Kwetu mwezi wa sita barafu inakaa juu ya majani ya viazi, na kila nyumba ina jiko la mkaa chumbani. Tumelelewa na msemo mmoja: mkaa ukishakolea, moshi ukaisha, hauna neno. Bibi yangu aliusema, mama akausema, na mimi nikapanda nao ndege.

Nafanya kazi Muaither, kwenye nyumba ya familia kubwa. Mwenye nyumba hasa ni bibi mmoja mtu mzima, sote tunamwita Mama Kabira. Ana wajukuu wengi, lakini kipenzi chake ni mbuzi. Nyuma ya nyumba kuna banda la matofali la mbuzi wanane, na mimi ndiye niliyekabidhiwa, kwa sababu wenzangu waliziba pua na mimi sikuziba. Nilifurahi kweli. Kufua na kupiga pasi nafanya kwa sababu ni kazi. Mbuzi niliwapenda.

Januari ya mwaka jana mbuzi mmoja akazaa mapacha. Siku zile upepo wa jangwani ulikuwa unapita hadi kwenye mifupa, na vitoto vilikuwa vinatetemeka. Nikajiona mtaalamu. Nani atanifundisha baridi mimi? Jioni nikachukua jiko, nikawasha mkaa nje kama nilivyofundishwa, nikasubiri moshi uishe, nikaliingiza bandani. Nikaziba madirisha kwa magunia. Mlangoni nikanyunyiza majivu kuzuia viroboto, kama tunavyofanya kwetu. Nikajisifu, nawaambia ukweli. Nikasema Wakinga tuna akili.

Asubuhi nikarudi kuongeza mkaa. Nikafunga mlango ili joto lisitoke, nikakaa juu ya gunia nimkamue mama yao. Kichwa kikaanza kugonga. Nikasema ni njaa. Vile vitoto viwili vilikuwa vimelala kwenye kona, vimetulia kabisa, nikasema vimeshiba. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Sikusikia harufu yoyote, wala moshi. Mkaa ulikuwa mwekundu, mzuri, kama alivyosema bibi.

Aliyenitoa ni dereva wa nyumba, Mkenya wa Limuru, aliyekuwa anaosha gari na akashangaa mbona sijatoka. Alinivuta kwa miguu kama gunia la viazi. Nilizindukia hospitali, nimevalishwa barakoa ya hewa. Mbuzi wakubwa walipona, lakini vile vitoto havikuzinduka.

Daktari alinieleza: mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi ukiisha, sumu bado ipo. Nililia sana, si kwa kuumwa. Nililia kwa sababu mikono iliyoviua ni hii hii iliyovipokea vikizaliwa.

Sasa sikilizeni. Niliporudi nyumbani, binti mkubwa wa Mama Kabira alikuwa ananisubiri getini. Ameyaona majivu mlangoni pa banda. Ameona wanyama wawili wamekufa bila jeraha. Akasema neno ambalo kila dada aliyefanya kazi za ndani huku analiogopa: sihiri. Kwamba nimeroga. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa, ndege ni kesho yake.

Wengine wangeondoka kimya. Sikuwalaumu waliowahi kuondoka hivyo na siwalaumu leo. Lakini mimi nilikalia lile begi pale pale getini, na kwa Kiarabu changu cha jikoni nikasema: "Niliingiza moto ndani. Ni kosa langu, na mnifukuze kwa kosa hilo mkitaka. Ila kwa jina la mchawi sitoki. Jina hilo si langu na sitalibeba kwenda nalo kwa mama yangu."

Binti akapandisha sauti. Na mimi nikapandisha. Ndiyo, nilipandisha! Dada zangu mnaniangalia hivyo, nilikuwa na hasira na sijatubu mpaka leo.

Mama Kabira akatoka na mkongojo wake. Akaniuliza swali moja tu: "Wale mbuzi watatu wenye mimba, watazaa lini?" Nikamwambia wiki mbili. Akasema, "Basi utaondoka baada ya wiki mbili, au hutaondoka." Akageuka akarudi ndani, nikaelewa kwamba vitoto hivyo ndivyo vitakavyoamua.

Ndugu zangu, wiki mbili! Na baridi iko pale pale. Nikamwendea dereva, nikamwambia kaka, mimi sina ujanja tena. Akacheka. Akasema, "Dada, hiyo makaa si mbaya. Ubaya ni kuiweka ndani. Kwetu tuko na kuku, na vifaranga wanataka joto. Moto inakaa nje, maji moto ndiyo inaingia."

Akanipeleka stoo. Mwana wa Mama Kabira aliwahi kununua boila dogo la mkaa la kuchemshia maji, kama yale yanayopasha nyumba joto nchi za baridi, apashie joto hema lake la jangwani. Likawa zito, wakaliacha. Nikaomba ruhusa kwa Mama Kabira, naye akamwita fundi bomba. Tuliliweka nje ya banda, upande upepo unakoelekea. Bomba la moshi tukalipandisha juu kupita paa. Mabomba ya maji moto yakazunguka ukuta kwa ndani, chini, usawa wa kifua cha mbuzi. Juu fundi akaweka tenki dogo lililo wazi ili maji yapate pa kupumulia, maana boila lililozibwa pande zote linapasuka. Na yale magunia ya madirishani nikayatoa mwenyewe, nikaacha matundu ya hewa.

Mbuzi wa kwanza akazaa Jumanne mchana. Binti mkubwa akaja, akaona moshi, akasema anaua tena huyu. Akataka boila lizimwe. Nikamwambia subiri. Nikaongeza mkaa kwa mikono yangu, nikaingia bandani mbele ya macho ya watu wote wa nyumba, nikafunga mlango, nikakaa na kile kitoto mapajani. Nikasema kupitia dirishani: "Kama ni sumu, itanianza mimi."

Msidhani sikuogopa. Kila kichwa kikiniuma nilidhani ni ile sumu. Nilikaa tangu alasiri. Niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua, nikamaliza, nikaanza upya. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia nikasikia mkongojo. Mlango ukafunguliwa. Mama Kabira akaingia na kiti chake cha plastiki, akakiweka karibu na bomba, akaketi, akanyoosha miguu.

Binti akapiga kelele, "Mama, toka humo!"

Na Mama Kabira, bila hata kugeuka, akasema, "Funga mlango, baridi inaingia."

Nililia tena pale. Tulikaa naye mpaka akaondoka kuswali. Kwa wale mbuzi watatu walizaliwa watoto wanne, na wote wako hai. Binti hajaniomba radhi. Asiponiomba, mbuzi wake wa Idi nitamlisha hivyo hivyo.

Namshukuru kaka yangu dereva, aliyenivuta kwa miguu na kunichubua mgongo wote. Namshukuru fundi bomba, na Mama Kabira, ambaye hatajua nimemsema hapa.

Sasa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile nilipoanguka, nilikuwa nimepanga jioni yake nihamishie lile jiko chumbani kwetu. Tunalala wawili, chumba kina dirisha moja, na tungelifunga. Mwenzangu yupo hapa, simtaji, ila mtamjua kwa sababu ameacha kula. Vile vitoto vya mbuzi vilitangulia, ndiyo maana sisi tupo.

Kwa hiyo, dada uliyeniuliza habari za jiko: hapana, duka sikuambii. Katika mfuko ule pale mlangoni kuna blanketi langu la Makete, zito, limesafiri nami tangu nyumbani. Ni lako. Na kesho mimi na wewe tunaenda kwa bosi wako kudai hita, na kama atapandisha sauti, mnajua mimi nikoje.