Barua ya Mashahidi wa Saa Nne

Benchi lililo mbele ya duka la Kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja. Mtu akiinuka bila kutoa taarifa, wenzake wote wanayumba na kahawa inamwagika, na matusi yanayofuata si ya kuandikwa. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mrefu wa kituo cha utafiti, na juu ya paa lake taa moja tu: kijani, mtambo unakwenda, nyekundu, umejikwaa. Hilo la "kujikwaa" ni neno la mafundi wa mle ndani, mtambo ukizima ghafla ilhali hakuna kilichovunjika. Watu wa benchi walilidaka, sasa wanalitumia kama waajiriwa. Asubuhi hiyo, saa nne na dakika moja, fundi wa chumba cha kupozea, ambaye hapa jina lake ni Baridi, alivuka barabara, akaketi upande wa tofali, akapokea kikombe kwa Shangazi muuza kahawa. Hakukinywa.

— Imewaka, akasema Kinyozi.

Baridi hakugeuka.

— Nyekundu?

— Nyekundu ya kufa mtu.

— Basi kazi sina, akasema Baridi. Kesho bodi inakaa. Wiki mbili sasa, karibu kila siku, saa nne na dakika mbili, unajikwaa. Watafiti wanataka muda wa saa sita bila kukatizwa, wakikatizwa wanaanza upya. Mkuu kasema mtambo usiotegemeka ni bomba la maji machafu. Chumba changu anapewa mwingine, mimi napelekwa stoo kulinda makopo ya rangi.

Alisema kwa utani. Miaka kumi na tisa amekilea chumba kile. Pampu zake anazijua kwa mlio, moja moja, kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe.

— Hebu nieleze tena hilo dude, akasema Shangazi. Jana ulieleza, nikaungua mkono.

— Ni bomba refu, Shangazi, limelala chini ya ardhi. Ndani yake kuna chembe ndogo zisizoonekana, zinasukumwa kwa umeme mpaka zinakwenda kasi ya kutisha. Mimi nalipoza bomba kwa gesi ya helium iliyogeuzwa kimiminika, baridi kuliko friji yoyote. Likipoa hivyo umeme unapita ndani yake kama mtu kwenye barabara tupu.

— Na zikifika mwisho?

— Zinagonga kitu, watafiti wanafurahi.

— Kumbe ndiyo maana! Kinyozi akapiga paja. Chembe zimechoka kusukumwa ili wengine wafurahi. Saa nne kila mtu anapumzika, nazo zinapumzika. Wahenga walisema...

— Waache wahenga wapumzike nao, akamkatiza Redio, mtengeneza redio ambaye hajamaliza kutengeneza hata moja mwaka huu. Sababu ni taarifa ya habari. Inasomwa saa nne kamili, sivyo? Mawimbi yanaingia bombani. Chembe zinasikia habari za dunia, zinakata tamaa.

— Habari inaisha saa nne na dakika tano, na taa inabaki nyekundu, akasema Shangazi. Mimi nasema ni harufu ya kahawa yangu. Hiyo saa ndiyo nafungua birika.

— Shangazi, chembe zina pua?

— Wewe umeziona hazina?

Baridi akacheka bila kutaka. Hapo ndipo Kinyozi alipotoa karatasi mfukoni, iliyokunjwa mara nne na yenye nywele za wateja.

— Sisi hatukuachi, ndugu yetu. Tumeandika barua kwa bodi. Sikiliza. "Sisi tunaotia sahihi hapa chini tunathibitisha kwamba kila mara mtambo ulipojikwaa, bwana Baridi alikuwa ametoka, yuko benchini pamoja nasi, mkononi ana kikombe. Hivyo hahusiki."

— Ee! akasema Redio. Hapo hata hakimu anasimama kukupa mkono.

Baridi aliguswa. Hakujua kwamba walikuwa wakimfikiria hivyo. Akainamisha uso kikombeni wasione macho yake.

Mara akatokea mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni. Ni fundi cherehani, amehamia chumba cha jirani juzi tu.

— Hamjambo hapa. Kaka kinyozi, nimekuja kwa shida ndogo. Mlango wako. Ukiubamiza, meza yangu inatikisika, sindano inaruka mshono. Leo nimefumua gauni mara mbili.

— Pole dada, nitaushika. Ngoja kwanza utie sahihi hapa, tunamwokoa mtu.

Dada akaisoma barua kwa utulivu, kidole kikifuata mistari kama anapima kitambaa. Kisha akauliza:

— Na siku asiyokuja hapa benchini, taa huwa rangi gani?

Redio akajikuna kisogo. Kinyozi akaitazama kalamu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

— Jumanne hakuja, akasema Shangazi polepole. Alikuwa anaumwa jino. Nilimwekea kikombe, nikawa naitazama taa kwa niaba yake.

— Ikawa?

— Kijani. Mpaka adhuhuri.

Baridi alihisi baridi ya kweli, ile ya jina lake. Wiki mbili zilizopita walimwekea mlango mpya wa chuma, wenye springi kali, pale chumbani, unaotokea moja kwa moja barabarani. Njia ya mkato ya kwenda kwenye kahawa. Saa nyingine zote hupita nyuma, kwenye korido. Kila siku saa nne anausukuma kwa kisigino, unafunga kwa kishindo, na mabomba ukutani yanaimba. Alikuwa akiupenda ule mlio. Ndio uliokuwa ukimwambia kwamba mapumziko yameanza.

— Redio, akaita. Ukigusa kidogo kile kitufe cha kutafutia stesheni, kinatokea nini?

— Stesheni inahama. Unabaki na makelele.

— Bomba langu nalo lina stesheni yake. Likitikiswa, linaihama. Mtambo unajaribu kuirudisha, unashindwa, unazima. Ndiyo taa.

— Ina maana... akaanza Kinyozi.

— Ina maana ni mimi, na ule mlango mpya wa chuma ninaoubamiza kwa kisigino.

Akainuka bila kutoa taarifa. Benchi likayumba, kahawa ikamwagika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetukana. Dada wa cherehani akamkimbilia na kipande cha blanketi alichokikunja mara tatu.

— Weka kwenye fremu. Na ufunge kwa mkono, kaka, si kwa mguu.

Baridi akarudi ndani, wenzake wakangoja. Nusu saa baadaye taa ikawa kijani. Baada ya muda kidogo, Baridi akatokea kwenye ule mlango wa chuma, ameushika kwa mikono miwili, anaurudisha taratibu kama mtu anayetoka chumbani mwa mtoto aliyelala. Akavuka barabara huku ameipa taa mgongo. Hakuthubutu kugeuka. Alikuwa akisoma nyuso zao tu, nazo zote zilikuwa zimeinuliwa juu ya kichwa chake, vinywa wazi.

Akaketi upande wa tofali. Dakika moja. Mbili. Tano. Upepo ukaubamiza mlango wa Kinyozi, pa! Wote wakaruka, wakaikodolea macho taa.

Kijani.

— Alhamdulillahi, akanong'ona Shangazi, akageuza birika. Likatoa tone moja tu, akalalamika: Kahawa imekwisha, na leo ndiyo siku ya kunywa!

Baridi alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka, hakuyaficha. Kinyozi akaishika barua kwa huzuni, tayari kuichana.

— Kazi yote hii bure. Sasa mashahidi tutasaini nini?

— Lete hapa, akasema Baridi. Akachukua kalamu, akafuta maneno mawili tu ya mwisho, "Hivyo hahusiki." Akamrudishia Kinyozi, akasema: Sainini. Kesho naisoma mwenyewe mbele ya bodi, kisha nawaeleza habari ya mlango. Yaliyobaki humo yote ni kweli.