Dkt. Absalom Khisa na Lahaja Iliyobaki Mdomoni Mwake

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Bethwel, mdogo wake marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa sababu mwenyewe hakupenda mtu anayemeza maneno.

Dkt. Absalom Khisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Misikhu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jairus na Mama Nabwile, akasoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza sekondari Kamukuywa mwaka 1986, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1992 akapata ufadhili wa kwenda Uchina kusomea lugha, siku ambayo mama yetu alilia kama aliyefiwa.

Huko hakutosheka na Kichina cha vitabuni. Mwaka 1995 alipanda milima ya mkoa wa Hunan hadi bonde moja lenye lahaja yake, ambayo hata Wachina wa bonde la jirani hawaielewi, akapanga chumba kwa mjane aitwaye Mama Tang, akawa anamrekodi akitwanga mpunga na kugombeza kuku, na kwa vile alifundishwa na ajuza, wanaume wa huko walimcheka kwamba anaongea kama nyanya. Aliandika kamusi ya lahaja hiyo, akafundisha hapa nchini hadi alipostaafu kwa hiari mwaka 2022.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Nasambu kule Lugulu, wakajenga Kitale, wakajaliwa Viola na Ian. Nasambu amenikubalia niseme kwamba alikuwa mpweke. Likizo baada ya likizo mume alikuwa bondeni, na akiwa nyumbani alijifungia na kanda zake, akimjibu mjane wa watu kwa sauti ya chini, chakula kikipoa mezani. Mama Tang alipofariki mwaka 2016, Nasambu alimwona mumewe akilia, asijue amfariji kwa lugha gani.

Tarehe 9 Februari 2025 alipigwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Kitale, na alipofumbua macho Kiswahili kilikuwa kimekwenda, Kibukusu kimekwenda, Kiingereza kimekwenda, imebaki lahaja ya bondeni. Akina mama wa kanisa waliokuja kumwombea walidhani ananena kwa lugha, wakawa wanaitikia amina kila akitua, nasi tukawaacha. Nasambu alimleta mhandisi Mchina anayejenga barabara, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kila asubuhi marehemu alimwuliza mkewe jambo lile lile, akimtazama machoni na kungoja, naye akabaki kumpangusa mdomo. Alitaka kitu kimoja tu, kujua mumewe anamwambia nini.

Ndipo Viola akamrekodi kwa simu, akamtumia Kipkoech, mwanafunzi wa marehemu aliyebaki Uchina, naye akasafiri hadi kwa Mzee Tang, mwana wa yule mjane. Jibu likaja kwamba marehemu alikuwa akimsalimu kila anayeingia, kisha akiuliza, "Mbona hakuna anayenijibu?"

Jioni ya tarehe 1 Machi Mzee Tang alipiga simu, Nasambu akaishikilia sikioni mwa mumewe mpaka mkono ukafa ganzi, marehemu akiongea, akicheka, akilia, na mkewe, aliyekuwa karibu naye kuliko sote, asiambulie neno. Alfajiri ya tarehe 2 akafariki. Tulikuwa mochari Kipkoech alipotuma tafsiri ya maneno yake ya mwisho: "Mke wangu ndiye ameshika simu. Mwambie akalale, amechoka, mimi sina tena lugha ya kumwambia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kitale waliotupikia, akina mama wa kanisa pamoja na amina zao, wahadhiri wenzake, Kipkoech, na Mzee Tang, ambaye hatujui tutamshukuru vipi akatuelewa. Nasambu ameomba nimalizie kwa maneno yake mwenyewe.

Nimeambiwa, Baba Viola, na nimelala. Sasa pumzika na wewe.